Vibonzo vya Japani vina funzo kwa Bonde la Ufa

MZAZI wa Nakuru amkutapo mwanawe ameinamia simu akifuatilia vibonzo vya Kijapani, maarufu kama anime, huenda akadhani ni michezo ya watoto tu. Dhana hiyo yafaa kusahihishwa. Nchini Japani, sanaa hii huwalenga watu wa marika yote, na mara nyingi husimulia maisha ya kawaida: shule, kazi, hata riadha.

Mkazi wa Bonde la Ufa aliye mgeni wa sanaa hii angefanya vyema kuanzia hapo kwenye riadha. Kati ya Oktoba 2018 na Machi 2019, Japani ilionyesha mfululizo wa sehemu 23 ujulikanao kwa Kiingereza kama Run with the Wind, uliotokana na riwaya ya Shion Miura ya mwaka 2006. Unawahusu wanafunzi 10 wa chuo kikuu, wengi wao wakiwa hawana uzoefu wa mbio, wanaojiandaa kwa Hakone Ekiden. Mbio hizo za kupokezana zilianza mwaka 1920. Huchukua siku mbili, Januari 2 na 3, na ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Tokyo hadi Hakone na kurudi. Wakimbiaji hukabidhiana mkanda wa kitambaa badala ya kijiti.

Miongoni mwa wanafunzi hao yumo Musa Kamara, Mtanzania. Watu humdhania kuwa bingwa wa mbio kwa sababu tu ni Mwafrika. La hasha! Musa alikwenda Japani kusoma.

Dhana hiyo ina chimbuko lake. Wakenya wamekimbia Japani kwa miongo kadhaa. Samuel Wanjiru wa Nyahururu, mji usio mbali na Nakuru, alikwenda huko mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 15, akajiunga na shule ya upili mjini Sendai. Mnamo 2008, jijini Beijing, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 24.

Hapa ndipo penye swali. Iwapo Wajapani wameweza kumbuni Mtanzania na kumpa utu wake, nani atakayemchora kijana halisi wa Nyahururu aliyeanza maisha upya ugenini?

Vipawa tunavyo. Katika mkusanyiko wa filamu 10 za Kiafrika uliotolewa na Disney mwaka 2023 kwa jina la Kiswahili, Kizazi Moto, imo Enkai, kazi ya Mkenya Ng'endo Mukii. Enkai ni jina la Mungu kwa Wamaasai.

Hata hivyo, vipawa pekee havitoshi. Vyuo vyetu vifunze sanaa hii kwa dhati, na stesheni za televisheni ziwe tayari kuinunua, tena kwa Kiswahili. Usione vyaelea, vimeundwa.