Jina la Mtu Kwenye Kadi Si Risiti ya Mchango

Leo hatuna mshono mpya wala pishi la biriani. Mfungo mosi ukiingia ndoa hufuatana, na sisi tunaoshona hapa Ujiji huzijua kabla ya wengine, maana sare zinapita mezani kwetu kwanza. Na kwa kuwa mwandiko wetu unasomeka, kadi nazo huletwa hapahapa tuandike majina juu ya bahasha. Haya tunayoagizwa kuandika ndiyo yametuchosha, na leo tunasema.

Tuanze na singo na dabo, maana ndilo linaloudhi zaidi. Singo kwa wanawake wa Kiswahili ni ile anayosingwa bibi harusi mpaka mwili unang'aa. Siku hizi singo ni neno kwenye kona ya kadi: umetoa 50,000 ingia peke yako, umetoa 100,000 ingia na mwenzio. Aliyetoa 10,000 hana kadi. Yaani mtu amefuatwa nyumbani kwake, akaombwa, akatoa alichokuwa nacho, kamati ikapokea na kumshukuru, halafu jina lake halikuandikwa popote. Hicho ni kiingilio cha mpira, tena hata mpirani hawapokei elfu kumi yako kisha wakakufungia geti.

Na hapa kwetu pesa ina majira yake. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku na taa. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inapumzika, na mifuko inapumzika nayo. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Hatugombani na hilo, samaki wakiisha tutakula nini. Tunachouliza ni kamati za harusi: kadi za mchango ziliendelea kushuka Kibirizi na Katonga na kiwango kilekile, kana kwamba mama anayeanika dagaa ana mshahara benki. Tunamjua mmoja aliyekaa barazani kwake anasikiliza muziki wa harusi ya binti aliyemlea kama wake, kwa kuwa alipungukiwa kufikia singo. Nyumba kwa nyumba, ukuta mmoja. Asubuhi yake ndiye aliyeitwa akasaidie kuosha masufuria. Akaenda, na alipomaliza akafungiwa wali kwenye mfuko wa rambo.

Sisi si mashehe, ila hili halihitaji shehe. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba chakula cha walima kinakuwa kibaya kuliko vyote pale wanapoitwa wenye nacho na masikini wakaachwa. Tumelisikia hilo tangu madrasa. Mbona likifika kwenye kikao cha kamati hakuna anayelikumbuka, na kikao kimefunguliwa kwa dua?

Wanakamati wanatujibu kwamba ukumbi unahesabu viti, na mpishi anahesabu sahani. Kweli, tunakubali, nasi ni wafanyabiashara, hesabu tunazijua. Lakini nani aliwalazimisha ukumbi? Mtume (s.a.w.) alipomuoa Bi Safiyya walima wake ulikuwa tende, jibini na samli, nyama hakuna, na watu walikula. Tandikeni mikeka uani, pikeni pilau ya masinia, migebuka ya kukaanga pembeni, jirani wote waje. Baada ya hapo, mkitaka usiku wenu wa ukumbini wenye keki ya ngazi saba, fanyeni, wekeni kiwango, ila msiuite walima. Uiteni sherehe ya waliochanga. Na kadi ya mchango isiwe ndiyo mama wa kadi ya mwaliko. Mwenye kukuchangia amekupa zawadi, hajanunua tiketi.

Sasa majina yenyewe. Tunaletewa orodha: "Bw. na Bi. Fulani", "Bw. na Bi. Fulani", ukurasa mzima. Bi. nani? Mwanamke wa Kiislamu haachi jina la baba yake kwa kuolewa, na yeye ndiye aliyetoa mchango kwa pesa ya vitenge vyake, lakini kwenye bahasha amekuwa mkia wa mumewe. Andikeni jina la bwana, kisha jina la bibi kwa ukamilifu wake. Kama bibi ndiye mliyesoma naye na mumewe hamumjui hata sura, jina lake litangulie, wala mbingu haitaanguka.

Na kwa mji kama Ujiji hiyo "Bw. na Bi." ni fitina tupu. Mwenye wake wawili au watatu ukimpelekea kadi moja ya namna hiyo, umempa kazi ya kuchagua, na usiku huo hatalala. Kila mke apate kadi yake, yenye jina lake, karatasi ileile, wino uleule, na zipelekwe siku moja. Tumeshaona mke mkubwa anapata kadi ya dhahabu na mdogo anatumiwa picha kwenye WhatsApp. Au kinyume chake, na hiyo ni mbaya zaidi. Halafu mnasema wanawake wana maneno!

Mjane naye ana jina. Msimwandikie "Mke wa marehemu", kila akiitazama bahasha azikwe mume upya. Akiwa bado ndani ya ile miezi minne na siku kumi, harusini hendi, lakini mtu aende kumpa habari kwa mdomo na sinia lake limfuate. Aliyeachika aandikwe jina lake mwenyewe, talaka yake si cheo cha kutangazwa. Na yale majina ya mitaani, "Mama Kibonge", "Bibi Makopo", hata kama wote tunamwita hivyo sokoni na yeye anacheka, kwenye karatasi hapana. Sura ya Al-Hujurat imekataza kuitana kwa lakabu za kudhalilisha, aya ya 11, kasomeni.

Vyeo vinatuchekesha. Mheshimiwa diwani hakosewi hata nukta. Daktari anaandikwa Dkt. kwa herufi kubwa. Mwalimu wa madrasa, aliyemfundisha bwana harusi kusoma, anaandikwa kwa jina tupu na kupewa singo, wakati huohuo kamati inamtegemea aje asome dua bure. Andikeni Ustadh, andikeni Sheikh, andikeni Hajati kwa mama aliyekwenda Makka kwa jasho lake. Na majirani zetu Wakristo ni Mchungaji, ni Padri, ni Sista, na kadi iwaeleze vizuri akdi ni saa ngapi na kula ni saa ngapi, wasije wakakaa na njaa tangu asubuhi kwa heshima. Mji huu wageni wameujua kwa salamu: mwaka 1871 Stanley alipomfikia Livingstone hapa Ujiji, kitu cha kwanza kumtoka mdomoni kilikuwa cheo cha mwenzake na jina lake. Mzungu mwenye vumbi la safari alikumbuka, kamati yenye viyoyozi imeshindwa.

Kuhusu wazee tusipoteze wino. Bibi wa miaka themanini haalikwi kwa karatasi, achilia mbali kwa simu ya mjukuu. Vaeni kanga zenu, nendeni watu wawili, kaeni chini, mpeni shikamoo, semeni mmetumwa na nani na lini mnamhitaji. Kadi mtampa baadaye kama kumbukumbu. Vivyo hivyo ndugu wa ng'ambo, Uvira na Kalemie: tumeni mtu au sauti ya mzee wa familia, mapema, maana mashua haingoji ukumbi wenu, na muelewe kwamba ukimwita shangazi wa kule umeita nyumba nzima.

Jambo la pembeni, lakini linatuuma: punguzeni kuchapa aya nzima ya Kurani kwenye kadi. Kesho yake tunaziokota sakafuni zimekanyagwa na viatu virefu.

Basi msimu huu, bahasha zikiletwa mezani kwetu tutauliza jina la kila mwanamke. "Bw. na Bi." tupu hatuandiki, singo na dabo hatuandiki, na orodha isiyo na jirani wa ukuta mmoja tutairudisha na pesa yake. Anayeona tumezidi, Mwanga kuna kalamu nyingi, akaandikishe huko.