Nyumba Tunayoiota Kando ya Ziwa



Jioni moja, mkutano wa kikundi ulipokwisha, mmoja wenu aliuliza swali ambalo liliwazuia wengi kurudi nyumbani mapema: kama fedha isingekuwa kikwazo, kila mmoja angependa kuishi wapi kando ya maji? Majibu yalikuja kwa wingi. Mmoja alichagua Zanzibar, katika nyumba ya kale yenye mlango wa nakshi. Mwingine alitaja Mombasa, na mwingine Moanda, pale ambapo nchi yetu inagusa bahari kwa ufuo usiofika hata kilomita 50. Walio wengi, hata hivyo, walibaki hapa hapa: ghorofa mbili zinazotazama Ziwa Tanganyika, baraza pana, mashua yenye injini, na ukuta mrefu kuzunguka kiwanja.

Tulicheka pamoja nanyi. Lakini tulipokuwa njiani kurudi Katanika, swali hilo lilitufuata, na tangu siku hiyo tumekuwa tukilitafakari. Leo tunapenda kuwaambia tulipofikia.

Kwanza, kuota si kosa. Kijana asiyeota nyumba hatajenga hata kibanda. Tena ndoto ya kuishi kando ya ziwa hili ni ndoto yenye sababu. Ziwa letu lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake kinakaribia mita 1,470. Duniani ni Baikal pekee linalolizidi kwa kina. Nchi nne zinaligawana, na sehemu kubwa ni ya Kongo. Anayeishi Kalemie na kudhani kwamba pwani ni jambo la watu wa mbali hajatazama vizuri mlangoni kwake. Hata maji ya ziwa hili huelekea baharini kwa kupitia kwetu: Lukuga huyachukua hapa Kalemie, huyapeleka Lualaba, na kutoka huko yanasafiri hadi Atlantiki.

Tazameni pia kusini. Mpala ina misheni tangu mwaka 1885. Mbele zaidi iko Moba, ambako milima ya Marungu inashuka kuelekea majini, na ambako mwaka 1917 Stefano Kaoze alipewa upadre, Mkongo wa kwanza kuupokea katika nyakati hizi. Mtu mwenye fedha zote za dunia angeweza kuchagua moja ya ghuba hizo, na asingekuwa amechagua vibaya.

Hata hivyo, ndoto zetu za jioni ile zina kasoro mbili, na ni wajibu wetu kuzisema waziwazi.

Kasoro ya kwanza ni kwamba tulilijenga kila jumba letu mchangani kabisa, hatua chache kutoka majini, kana kwamba ziwa limeahidi kutosogea. Halikuahidi. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika kwenye mlango wa Lukuga na kuukuta umesongwa na majani na matope. Maji yaliendelea kupanda, na miaka michache baadaye yalikivunja kizuizi kile, ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ndivyo lilivyo tangu zamani: hupanda na kushuka kwa hesabu yake lenyewe. Sisi wenyewe tumeliona likipanda. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yaliingia katika nyumba za watu huku Kalemie, Uvira na Bujumbura. Maji hayakuuliza nani ana jumba na nani ana kibanda. Tofauti ilionekana baadaye: mwenye uwezo alihamia nyumba yake nyingine, na asiye nacho alibeba godoro kichwani na kutafuta ndugu wa kumpokea. Sote tunaujua mfano wa Injili juu ya mtu aliyejenga mchangani. Mara nyingi tumeusikiliza kama fumbo la roho tu, lakini kando ya ziwa hili ni pia shauri la fundi mwashi.

Kasoro ya pili ni ule ukuta. Karibu kila mmoja aliutaja bila kufikiri, kama anavyotaja paa. Lakini ufuo wa ziwa si shamba la migomba. Asubuhi, wamama hushuka na mabeseni kununua ndakala na mikebuka. Watoto huja na bidoni kuteka maji. Wavuvi huvuta mitumbwi, hutandaza nyavu na kuzishona. Ukuta mmoja ukishuka hadi majini, hao wote watazunguka. Kuta kumi zikisimama mfululizo, hawatakuwa na pa kupita. Katika pwani ya Kenya wananchi wamelalamika kwa miaka mingi kwamba njia za kufikia ufuo zimezibwa na majengo ya wenye fedha. Sheria yetu ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Taifa, na kwamba raia hupewa haki ya kuitumia. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alisikitika kwamba mahali penye uzuri wa pekee panafungwa na kuwa pa wachache. Basi tusiwe watu wa kulia juu ya kuta za wengine huku tukiota za kwetu.

Linabaki jambo la tatu, nalo ndilo lililotusumbua zaidi.

Ninyi mnaijua Katanika. Mnajua kwamba tangu mapigano ya Wabatwa na Waluba yalipochafua jimbo letu, watu kwa maelfu walikimbilia huku, na mwaka 2017 vibanda vya majani vilifunika ardhi tuliyozoea kuiona tupu. Siku chache baada ya mkutano ule, tulimpelekea swali lenu mama mmoja mzee aliyefika wakati huo. Tulimwuliza kwa adabu, tukiogopa kumkwaza: «Mama, kama fedha isingekuwa shida, ungependa kuishi wapi?» Alitutazama kidogo, kisha akajibu: «Wanangu, mimi sikuondoka kwetu kwa kukosa fedha. Mnipe kwetu, pale penye michikichi yangu, nilale bila kusikiliza kelele za usiku. Hata bila fedha.»

Hatukuwa na la kuongeza. Swali letu lilikuwa limedhani kwamba kati ya mtu na mahali anapopapenda kuna kikwazo kimoja tu, nacho ni fedha. Kwa mama yule kikwazo kilikuwa jirani aliyegeuka adui. Na fedha, hata ziwe nyingi namna gani, hazinunui jirani mwema. Zanzibar yenyewe, ambayo mmoja wenu aliichagua kwa uzuri wake, ilimwaga damu nyingi Januari 1964, na wenye majumba ya nakshi walikuwa miongoni mwa waliokimbia.

Kwa hiyo, maoni yetu ni haya. Endeleeni kuiota nyumba kando ya ziwa, lakini muiote kwa masharti matatu. Isimame juu kidogo, mahali ambapo wazee wanakumbuka kwamba maji hayajawahi kufika. Iache njia ya kwenda majini, pana kiasi cha mama mwenye beseni kichwani kupishana na mtoto mwenye bidoni. Na kabla ya kuweka jiwe la msingi, mwenye nyumba awe anawajua majirani zake kwa majina, wale wa kabila lake na wale wasio wa kabila lake, ili siku ya hofu wagonge mlango wake badala ya kuukimbia.

Mtaona kwamba masharti mawili ya mwisho hayahitaji fedha. Yanaweza kuanza kutimizwa leo, na kijana anayepanga chumba kimoja chenye bati linalovuja. Anayeziba leo kijia cha jirani kwa sababu ya hatua mbili za kiwanja, kesho akipata mamilioni ataziba ufuo mzima. Anayejua leo kumkaribisha aliyekimbia, huyo ndiye tungependa ajenge ghorofa kando ya ziwa letu.

Kabla ya mkutano ujao, tunawaomba jambo moja. Kila kikundi kimtafute mzee mmoja wa mtaa, awaonyeshe maji yalifika wapi mwaka 2021 na mwaka 2024. Na kimtafute pia mtu mmoja aliyehamia huku kwa kukimbia vita, awaambie jina la kijiji chake. Mje na majibu hayo mawili. Kisha tutaliuliza swali lile upya, na tutasikia kama nyumba zetu zitabaki mahali pale pale.