UCHAMBUZI: Risasi ya Karen iliyotenganisha vyeo viwili vya ukoo mmoja

Alfajiri ya Januari 24, 1941, mwili wa Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, ulikutwa ndani ya gari lake karibu na njia panda ya Karen, nje kidogo ya Nairobi, akiwa amepigwa risasi kichwani. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na marehemu, alishtakiwa kwa mauaji na kuachiwa huru Julai mwaka huo. Nani alifyatua risasi ile, limeandikiwa vitabu vingi. Yaliyovipata vyeo vyake hayazungumzwi sana.

Marehemu alikuwa na vyeo viwili vya kurithi, lakini hakuwa na mtoto wa kiume. Alimwacha binti mmoja tu, Diana, wa miaka 15, aliyekuwa akilelewa Uingereza. Cheo cha Erroll, cha Scotland tangu karne ya 15, kilimwendea binti huyo. Kile cha Baron Kilmarnock, kilichotolewa mwaka 1831, kilimruka na kumwendea baba yake mdogo, Gilbert, ambaye mwaka huo huo aliacha jina la Hay na kujiita Boyd.

Hapakuwa na kikao cha ukoo wala kesi ya mirathi. Kila cheo hufuata hati iliyokianzisha, na hati ya Kilmarnock inawataja wanaume peke yao. Ile ya Erroll humruhusu mwanamke pale anapokosekana mwana wa kiume, na bila ruhusa hiyo ukoo huu usingekuwa nacho. Mwaka 1717 Earl wa 13 alifariki bila mtoto, dada yake Mary akakirithi. Naye alipofariki mwaka 1758, pia bila mtoto, kilimwendea mjukuu wa dada yake mwingine, James Boyd, ambaye baba yake alikuwa amekatwa kichwa mwaka 1746 kwa kumwasi Mfalme. Kwa hiyo akina Hay wa kizazi cha Josslyn, kwa upande wa baba, walikuwa akina Boyd. Gilbert alirudia tu jina la wahenga wake.

Hata hivyo, kurithi hakukumpa Diana haki zote. Pamoja na cheo alipata wadhifa wa Konstebo Mkuu wa Scotland, lakini Malkia Elizabeth alipotawazwa mwaka 1953, kazi ilifanywa na naibu wa kiume, naye ni yule yule baba yake mdogo. Wanawake wenye vyeo vya kurithi walisubiri hadi sheria ya 1963 ndipo wakaruhusiwa kuketi katika Bunge la Malodi. Diana alifariki mwaka 1978, na mwanawe Merlin, Earl wa 24, alikuwa miongoni mwa warithi 92 waliobakizwa bungeni humo mwaka 1999.

Septemba 2024 serikali ya Labour iliwasilisha mswada wa kuwaondoa hao pia. Lakini kiti cha bunge ni jambo moja na urithi wa cheo ni jingine. Mswada ule haukugusa hati hata moja. Sheria ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika 2015, ilimpa binti wa mfalme nafasi sawa na kaka yake katika kurithi kiti cha enzi. Mabinti wa malodi haikuwahusu. Cheo cha Kilmarnock kilibadili mikono mwaka 2009, kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake wa kiume.