Ustadi wa Kwenda Polepole



Katika mazungumzo ya wazee wetu hapa Chang'ombe, hasa wale waliozijua njia za Dodoma kabla ya lami, kuna sifa moja inayorudi mara kwa mara: sifa ya waendesha pikipiki wa zamani. Husifiwa bwana mifugo aliyevuka korongo la mchanga bila kushusha mguu. Husifiwa bwana afya aliyepitisha kasha la chanjo juu ya mawe na kulifikisha salama. Husifiwa padri na katekista waliofika kigango cha mbali huku mvua ikiwanyeshea. Kisha sifa hiyo humalizikia katika lawama: vijana wa siku hizi hawajui kuendesha, wanajua kukimbiza tu. Wiki hii napenda tuitafakari sifa hiyo pamoja na lawama yake. Kwa maoni yangu, sifa ni ya kweli, lakini lawama si ya haki.

Ustadi unaosifiwa na wazee wetu una mchezo wake kamili ulimwenguni. Waingereza waliuita kwa jina la "majaribio" tu, na mashindano yake mashuhuri, yale ya Siku Sita ya Uskoti, yalianza mwaka 1909. Katika mchezo huo hatafutwi mwenye mbio. Mwendeshaji hupewa kipande kifupi cha njia mbaya: mawe yenye utelezi, mizizi, kijito, kilima cha tope. Akigusa ardhi kwa mguu mara moja anapata alama 1 ya adhabu. Mara mbili, alama 2. Zaidi ya hapo, 3. Akianguka au akishindwa kumaliza, 5. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Kabla ya kupita, anaruhusiwa kukikagua kipande hicho kwa miguu, akatazama jiwe hadi jiwe na kuamua tairi lipite wapi.

Kati ya mabingwa wa zamani, jina linalotajwa kwa heshima kubwa ni la Sammy Miller, mzaliwa wa Belfast, aliyekuwa bingwa wa Uingereza mara 11 mfululizo, kuanzia mwaka 1959 hadi 1969. Alianza kujulikana akiwa juu ya Ariel ya sentimita za ujazo 500, chuma kizito ambacho mtu wa kawaida angekiona hakifai hata kupandia kilima. Mwaka 1965 alishinda kule Uskoti akiwa juu ya Bultaco nyepesi ya Uhispania, na zama za pikipiki nzito za Kiingereza zikaanza kuzama. Ubingwa wa dunia ulianzishwa mwaka 1975, na Martin Lampkin akawa wa kwanza kuutwaa. Wako watu wengi huko Ulaya ambao hadi leo hukarabati pikipiki za miaka hiyo na kuzipandisha tena mawe yale yale. Wanachokitamani si chuma. Wanautamani mkono wa kushoto uliojua kuiachia klachi nusu kwa nusu, magoti yaliyolikumbatia tangi, na macho yaliyotazama mbele badala ya kutazama tairi.

Huku kwetu ustadi huo haukuvikwa medali, kwa sababu haukuwa mchezo. Ulikuwa kazi. Uwanda wetu wa kati una vyote vinavyotafutwa na waandaaji wa mashindano: miamba ya matale, mito iliyo mikavu sehemu kubwa ya mwaka na kujaa ghafla wakati wa masika, na tope jeusi la mbuga linalojaza matairi hadi yakatae kuzunguka. Barabara ya kwenda Babati kupitia Kondoa ilizinduliwa ikiwa na lami mwaka 2018 tu. Kabla ya hapo, aliyetumwa vijijini alitegemea Honda XL125, Yamaha DT125 au Yamaha AG100. Hii ya mwisho iliundwa kwa ajili ya mashamba: cheni yake imefunikwa kabisa isiingiwe na mchanga, ina stendi pande zote mbili, na ina kishikizo cha kufungia klachi ili mtu ashuke afungue lango bila kuzima injini. Haikuundwa kwa mbio. Iliundwa kwa ajili ya kufika.

Kanisa nalo lina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1925 mmisionari Otto Fuhrmann alifariki huko Ovamboland, katika nchi tunayoiita leo Namibia, kwa kukosa chombo cha kumfikisha kwa daktari kwa wakati. Rafiki yake, Padri Paul Schulte, alianzisha mwaka 1927 shirika la MIVA ili wamisionari wapatiwe vyombo vya usafiri. Yaani shirika hilo lilizaliwa kwa sababu ya kifo cha mtu mmoja, ili mwingine asife vivyo hivyo. Ni vyema tukumbuke shabaha hiyo tunapotazama jinsi pikipiki inavyotuondolea watoto wetu leo.

Sasa niiguse ile lawama. Je, mabwana mifugo wale waliupata wapi utulivu wao? Walizaliwa na damu tofauti na ya vijana wetu? Hapana. Pikipiki ya mzee wetu ilikuwa mali ya ofisi. Ilikuwa na daftari la safari na fundi wa kuitazama. Mshahara wake ulikuja mwisho wa mwezi, awe amekwenda mbio au polepole. Alipofika korongoni na kukuta maji, aliweza kushuka, kuchomeka fimbo, kupima kina, na hata kukaa chini ya mbuyu mpaka maji yapungue. Saa zile mbili hazikumpunguzia mkate.

Kijana wa bodaboda hana saa hizo mbili. Bodaboda ilianza kwa baiskeli za mpakani Busia katika miaka ya 1960; kwetu, kanuni za kubeba abiria kwa pikipiki na bajaji zilitolewa mwaka 2010, na tangu hapo imekuwa ajira ya vijana wengi mno. Kijana huyo hulipwa kwa safari, na jioni anadaiwa hesabu na mwenye pikipiki, mvua inyeshe, jua liwake. Akipakia mishikaki, anatafuta hesabu. Akikata kona kwa kasi, anatafuta hesabu. Tunayoiita tabia mbaya ya ujana, kwa sehemu kubwa, ni mapatano tuliyoyaandika sisi watu wazima.

Kwa hiyo kuwatamani waendeshaji wa zamani hakutoshi. Kutatusaidia tu kama kutatufanya tuwape vijana yale waliyokuwa nayo wazee. Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, mafunzo ya kwenda polepole. Kukimbiza pikipiki kunahitaji mkono wa mafuta tu. Kuipitisha juu ya ubao mwembamba bila kushusha mguu, kuzungusha nane katika nafasi finyu, kuisimamisha mlimani na kuondoka tena bila kurudi nyuma, hayo yanahitaji kufundishwa. Viwanja tunavyo, hata vya parokia, na mawe Mungu ametujalia kwa wingi. Viongozi wa vijiwe wakishirikiana na VETA na askari wa usalama barabarani wanaweza kuandaa mashindano ya namna hiyo, yenye alama za adhabu na zawadi kwa mshindi. Kijana anayesifiwa kwa utulivu wake mbele ya wenzake hatahitaji kutafuta sifa katika mbio.

Pili, kofia ngumu mbili kwa kila pikipiki, ya dereva na ya abiria. Uchunguzi uliokusanya tafiti za nchi nyingi umeonesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa dereva aliyepata ajali kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Anayenunua pikipiki mpya akasema hana fedha ya kofia, kwa kweli hajamaliza kuinunua.

Tatu, hesabu yenyewe. Hapa nasema nanyi, wapendwa, mlio na pikipiki mlizowakabidhi vijana. Wengi wenu ni watu wema, na fedha hiyo huwasomesha watoto. Lakini ipangeni hesabu ambayo mtu anaweza kuitimiza bila kuhatarisha maisha yake, na muwape mkataba ulio wazi ili mwisho wake pikipiki iwe yake. Mtu huitunza mali yake na huutunza mwili unaoiendesha. Siku ya mvua kubwa mpigieni simu mkamwambie leo apumzike. Nasi abiria tuache kumgonga kijana begani tukimwambia "wahi, nimechelewa," kisha msibani tukasema alikuwa na mwendo mbaya.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na methali hiyo tunawarudia vijana kila siku. Tuirudie pia tunapokaa nao kupanga hesabu, kwa maana hapo ndipo mwendo wao unapoamuliwa.

Nawatakieni wiki njema, na safari zenye kufika.