Nani Mgeni Chunguni?

Kila yanapotajwa mapishi ya Waswahili, kalamu zetu hukimbilia pilau, biriani na muhogo wa nazi. Ugali wa uwele kwa mlenda, unaopikwa Sekenke na kote Iramba, twauita chakula cha bara. Na wenye ulimi mkali huongeza: cha njaa. Hukumu hiyo naipinga.

Muhogo tunaojivunia ulitoka Amerika ya Kusini kwa merikebu za Wareno. Mahindi na pilipili asili yao ni huko huko ng'ambo. Mtama na uwele ni nafaka za Afrika. Basi mgeni chunguni ni nani? Methali yetu yenyewe yatusuta: penye kuku wengi hatukuonywa tusimwage mchele, bali mtama. Waliotunga walijua walichokula.

Sekenke imezoea kuchotwa. Mwaka 1916 Wajerumani waliifua dhahabu yake kuwa sarafu za rupia 15 kule Tabora. Leo sarafu hizo zinawindwa na wakusanyaji. Lakini mama anayekausha majani ya mlenda, akayatwanga na kuyaweka akiba ya kiangazi, nani amkusanyaye? Akifa bila kumrithisha bintiye, yamekufa mapishi pamoja na maneno yake.

Nasi tujiitao walinzi wa lugha tumeimba karafuu, mgeni mwingine, hadi imechuja. Umoja wa Mataifa uliufanya 2023 kuwa mwaka wa uwele, ulezi na jamii zake. Shairi letu li wapi? Adharauye chungu cha jirani asidai kwamba Kiswahili ni cha wote.