Uvimbe wa Kinena cha Mtoto: Usingoje Uondoke Wenyewe

Mama humwogesha mwanawe akaona kivimbe kinenani. Mtoto akilia, kivimbe hutokeza, akitulia, hupotea. Bibi humwambia, "Ni mshipa tu, mwanangu, atakua nao utaondoka." Kauli hii hutoka katika huruma, lakini humcheleweshea mtoto tiba yake.

Mtoto wa kiume angali tumboni mwa mamaye, korodani zake hushuka kupitia njia nyembamba kinenani, kisha njia hiyo hujifunga. Isipojifunga, utumbo huweza kuteleza humo. Hiyo ndiyo ngiri ya kinena. Wasichana nao huipata, ingawa ni wachache zaidi, na waliozaliwa kabla ya miezi kutimia huipata zaidi ya wenzao.

Tusiichanganye na ngiri ya kitovu, ambayo aghalabu hujifunga yenyewe kadiri mtoto anavyokua. Ya kinena haiponi kwa kuchuliwa, kwa mkanda wala kwa mitishamba. Tiba yake ni upasuaji.

Siku hizi upo upasuaji wa matundu madogo. Mtoto akishalazwa usingizi kwa dawa, daktari hutoboa tundu dogo kitovuni, hulijaza tumbo gesi, huingiza kamera nyembamba, na kwa vyombo vidogo huifunga njia ile kwa uzi. Kamera humwonesha pia upande wa pili, kama nao uko wazi, na makovu huwa madogo mno.

Hata hivyo, vifaa hivi havipo katika kila hospitali, na mzazi asiahirishe tiba kwa kuvingoja. Upasuaji wa kawaida, kwa mkato mfupi kinenani, nao ni tiba kamili, na watoto wengi hurejea nyumbani siku hiyo hiyo. La kuuliza ni hili: je, yupo daktari aliyezoea kupasua watoto, na mtaalamu aliyezoea kuwapa dawa ya usingizi?

Nawe mzazi una wajibu wako. Ukiambiwa mtoto asile wala kunyonya kuanzia saa fulani, usimwonee huruma ukampa maziwa kwa siri. Chakula kikipanda kutoka tumboni akiwa usingizini, huweza kuingia mapafuni na kumuua. Na kama ameshakula, sema kweli. Kuahirisha si aibu.

Dalili za hatari ni hizi: uvimbe ukiwa mgumu, ukimuuma, ukibadilika rangi, usiporudi ndani, au mtoto akitapika. Hapo utumbo umebanwa na huenda damu haiufikii. Usiusukume kwa nguvu, wala usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mtoto ni amana mikononi mwetu. Kivimbe kilichoonekana leo, na daktari akione wiki hii, inshaallah.