Picha Yenye Ukungu Isitupwe

Katika nyumba nyingi za askari imo picha moja ambayo haiwezi kupigwa mara ya pili: baba akipanda lori la kwenda zamu ya mbali, au kijana akipita mbele ya jukwaa siku ya kuhitimu mafunzo. Aghalabu picha ya namna hiyo hupigwa kwa haraka, ikatoka na ukungu. Wengi huifuta papo hapo ili wapate nafasi katika simu. Juma hili twaomba wasiifute upesi.

Kwanza yafaa kujua chanzo. Huenda kioo cha kamera kilikuwa na mafuta ya vidole, au mkono ulitikisika, au aliyepigwa alikuwa akitembea, au kamera ililenga ukuta ulio nyuma yake. Ukungu mzito uliokwisha kufuta macho na mdomo hauna dawa. Lakini ule mwepesi, ambao sura bado yatambulikana, waweza kugeuzwa ukawa pambo.

Jambo hili si geni. Nchini Uingereza, Julia Margaret Cameron, aliyepata kamera yake ya kwanza mwaka 1863 akiwa na umri wa miaka 48, alipiga picha za sura laini zisizo na mistari mikali. Wakosoaji wa wakati wake walimlaumu. Leo kazi zake zimehifadhiwa katika majumba makubwa ya sanaa. Tena, picha mashuhuri za Robert Capa za majeshi yakitua pwani ya Normandy tarehe 6 Juni 1944 zina ukungu, wala haukuzipunguzia thamani.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Programu kama Snapseed hupatikana bila malipo kwa simu. Fanya nakala ya picha kwanza, na asili yake uiache kama ilivyo. Usikate pembeni ili kuukaribisha uso, kwani kuikuza picha ni kuukuza ukungu wake. Iondolee rangi, ibaki nyeusi na nyeupe. Hapo jicho hufuata mwanga na kivuli, likaacha kudai kila unywele. Ongeza kidogo tofauti ya weusi na weupe, kisha utie chengachenga kama za filamu za zamani, ambazo hulifanya jicho lidhani kuna ukali. Giza dogo pembeni huvuta macho katikati. Picha za watoto au bustani zapendeza zikipewa sura ya mchoro wa rangi za maji. Kitufe cha kunoa kitumiwe kwa kiasi, la sivyo kichwa huzungukwa na ukingo mweupe. Mwishowe, isafishwe kwa udogo, inchi 4 kwa 6 zatosha.

Lakini tahadhari mbili ni za lazima. Ziko programu za akili bandia ziahidizo kuurudisha uso uliofifia. Hazirudishi kile ambacho kamera haikukinasa, bali hukisia macho na meno. Familia yaweza kutundika ukutani uso wa mtu asiyekuwapo, na mtoto akakua akimdhania kuwa ndiye baba yake. Afadhali ukungu wa kweli kuliko ukali wa uongo.

Ya pili yawahusu hasa ndugu zetu polisi. Picha ya kitambulisho, ya ajali au ya mahali pa uhalifu haipambwi kamwe. Hiyo ni ushahidi, na thamani yake imo katika kutoguswa.

Picha ikiwa tayari, andikeni nyuma yake jina, mahali na tarehe. Ukungu wapungua kwa ufundi, lakini jina lililosahauliwa hakuna programu iwezayo kulirudisha. Hadi juma lijalo, tunzeni kumbukumbu za nyumba zenu.